Masikio ya Ng'ombe

Mikono yangu imezoea mbao za futi ishirini na nane.
Imezoea tezo, na pamba ya kalafati
ninayoigongelea kwenye maungio
mpaka ubavu wa mtumbwi unyamaze.
Hapa Igombe wananijua kwa hilo.
Hawanijui kwa kitu kinachoenea kiganjani.

Lakini Minza ameota jino la nne,
na Kwandu kanionya mapema, uji ukiwa jikoni:
"Chochote utakachomtengenezea
kitapita mdomoni kwanza."

Basi nimeacha misumari.
Nimeacha ile rangi ya bluu ya kopo
tunayoandikia boti SUBIRI UONE.
Nimeokota kipande cha mninga
kilichobaki kwenye taruma la Lukelesha,
kuni ya kuchemshia chai, basi,
nikakigeuzageuza, nikakinusa.

Mtumbwi? Hapana.
Nimeunda mitumbwi kumi na saba.
Kumi na sita naiona ikirudi asubuhi.
Sitamwekea mtoto mtumbwi mkononi.

Nitachonga ng'ombe.
Baba alikuwa nao arobaini kule Magu,
nami niliwachunga hadi darasa la tano,
nikiwajua kwa jina, kwa kwato, kwa kikohozi.
Nikatoa penseli sikioni, nikachora
mgongo, nundu, mkia uliolala pajani usije ukavunjika,
nikafika kichwani, penseli ikasimama.

Masikio ya ng'ombe yanakaa wapi?
Mbele ya pembe? Chini? Nyuma?
Miaka yote ile ya kuwafuata
na nilichokariri ni matako.

Saa tatu usiku nikampigia kaka yangu, Ngasa.
Akacheka hadi simu ikakoroma.
Kisha nikasikia mlango, nikasikia mbwa,
nikasikia akivuka ua kwenda kwa jirani,
maana zizi letu siku hizi ni shamba la mihogo.
Swichi ya tochi. Kimya.
Pumzi nzito isiyo yake.
"Chini ya pembe," akanong'ona,
"yamechomoza pembeni,
kama mikono ya mtu anayesema sijui."
Hakukata simu upesi.
Tulibaki pale, watu wazima wawili na ng'ombe wa watu,
salio likiyeyuka.

Pembe nilizichonga, kisha nikazikata.
Zilikuwa nzuri. Zilikuwa zinaenea jichoni.
Nimebakiza vinundu viwili, butu kama vidole gumba.
Msasa mkali, msasa laini, kisha shavu langu mwenyewe,
kisha mdomo. Ndiyo, nimemlamba ng'ombe
saa sita usiku, nikitafuta kibanzi kwa ulimi.
Mafuta ya kumpaka ni alizeti, nimeyatoa kabatini.
Kwandu ameuliza mara mbili chupa imepatwa na nini.

Asubuhi Minza kampokea kwa mikono miwili,
kamtia mdomoni kuanzia nundu,
kamtoa, kamtazama vizuri, akasema, "Bata,"
akamtumbukiza kwenye beseni la kufulia.

Akaelea.
Angefanyaje? Mikono hii haijui kitu kingine.
Ila aliinamia kushoto, upana wa vidole viwili,
na papo hapo nikaona kosa langu:
mguu wa nyuma mzito,
kazi ya patasi dakika moja.
Nikanyoosha mkono. "Niazime kidogo."

Akamkumbatia, povu hadi kwapani,
akanikazia macho kama mwenye mali.

Kwandu anafua, hakuinua kichwa.
"Bata wake hana kasoro," akasema.

Nikairudisha patasi mfukoni.
Yule mnyama akazamishwa, akaibuka,
maji yakimchuruzika kutoka kwenye masikio,
ambayo, angalau hayo,
yako mahali pake.